Siku Mbuzi wa Mama Mlezi Walipokaguliwa Muthetheni

Vijana wa ofisi ya ukaguzi wameniomba niwaandikie jinsi ya kukagua ofisi ambayo haipo. Waliniomba siku ya kuniaga, huku wakila keki yangu, nami nikaahidi kwa sababu mtu anayeagwa huahidi chochote. Sasa nimestaafu, niko nyumbani Majengo hapa Machakos, kuku wangu nimeshawakagua na hawana hoja ya kujibu, kwa hiyo nimekaa kuandika. Vyeo nilivyopanda sitavitaja. Atakayetaka kuvijua aulize idara ya wafanyakazi, na akipata jibu aniambie na mimi.

Nilianza kazi chini ya Mzee Nzioka, mkaguzi mkongwe aliyevaa koti lile lile mvua na jua. Siku ya kwanza nilifika na viatu vipya na kikokotoo kipya. Kikokotoo alikichukua akakifungia kwenye droo yake. Akaniambia, "Hiyo ni ya alasiri, Zuhura. Asubuhi tunatumia miguu." Tukaenda kwenye kituo kimoja cha afya ambacho, kwa mujibu wa vitabu, kilikuwa kimejengewa choo kipya cha wagonjwa. Mimi nilidhani tutaomba hati za malipo. Mzee Nzioka hakuomba hati. Alishika tumbo, akaomba aonyeshwe choo kipya, maana amebanwa.

Msimamizi alituzungusha nyuma ya jengo, akatuzungusha upande wa pili, akatupitisha kwenye shamba la mahindi, kisha akaanza kutuonyesha mandhari. Mwishowe alisimama, akamwambia mzee kwa sauti ya chini kwamba choo kipo njiani. Mzee Nzioka alimtazama kwa huruma akasema, "Na mimi niko njiani." Tuliporudi garini alinifundisha jambo ambalo nimelitumia maisha yangu yote: karatasi huandikwa na mtu anayejua kwamba utaisoma, lakini kitu chenyewe hakijui kama unakuja. Basi nenda ukakione kabla hakijaambiwa.

Alinipa pia kalamu ya wino wa kijani, ile ya wakaguzi, na onyo kuhusu chakula. Chai ya mkaguliwa unaweza kunywa, alisema, lakini kaa na njaa yako. Mkaguzi aliyeshiba huona kila kitu kiko sawa. Nilishika onyo hilo hata nikasingiziwa kuwa na vidonda vya tumbo.

Miaka ilikwenda, Mzee Nzioka akastaafu, nami nikawa ndiye ninayefungia vikokotoo vya wengine. Kikokotoo cha mwisho nilichokifungia kilikuwa cha Musyoki, kijana wa Syokimau, mwepesi wa akili na wa ulimi. Nilikuwa naye nilipopewa kazi ya kukagua Ofisi ya Mama Mlezi.

Lazima nieleze. Palikuwa na shirika moja la umma, tuliite Mamlaka ya Malisho na Mabwawa, kwa sababu halikuitwa hivyo. Mwenyekiti wake alikuwa mwanasiasa aliyeangushwa kwenye uchaguzi akafutwa machozi kwa kupewa kiti. Mwenyekiti alikuwa na mke. Hilo si kosa, wengi wanao. Lakini mke huyu alikuwa na ofisi ghorofa moja na mumewe, yenye zulia, mapazia ya kuburuta, katibu muhtasi, mpiga picha na afisa wa itifaki aitwaye Kimeu. Mlangoni paliandikwa "Mama Mlezi". Katika sheria iliyounda Mamlaka hakuna mahali palipotajwa mlezi wala mapazia.

Simchukii Mama Mlezi, na nataka hilo lieleweke. Alikuwa mchangamfu, akisikia jina lako mara moja halimtoki tena. Alitukaribisha kwa mikono miwili.

"Madam Zuhura, karibu sana. Lakini nieleze kitu moja. Mnanikagua kama nani? Mimi si mfanyakazi wa hapa. Mimi ni bibi ya mtu."

"Na ofisi hii, Mama?"

"Hii si ofisi. Hii ni huduma."

"Na gari lililoko pale nje?"

"Gari ni ya Mamlaka."

"Na Bwana Kimeu?"

"Kimeu ni wa Mamlaka. Mafuta, pia ni ya Mamlaka." Akacheka vizuri tu. "Mimi niko tu na moyo ya kusaidia."

Musyoki aliandika yote. Tulipotoka tukawa kwenye ujia akaninong'oneza, "Madam, sasa hapa tunakagua moyo?" Nikamwambia tuanze na hati iliyoanzisha ofisi, moyo tutaufikia.

Tukaomba hati hiyo kwa maandishi. Kimeu alihangaika siku kadhaa, akipanda na kushuka ngazi, kisha akatuletea bahasha iliyofungwa kwa heshima zote. Ndani mlikuwa na nakala ya cheti cha ndoa cha Mwenyekiti, imepigwa muhuri wa Mamlaka. Nilidhani ananitania. Hakuwa ananitania. "Ofisi ilianza hapo," alisema. Nikaiwekea alama ya kijani pembeni, nikaitia kwenye faili kama kielelezo cha kwanza. Hadi leo sijaona hati ya uanzishaji iliyo ya kweli kuliko ile.

Kazi kubwa ya ofisi hiyo ilikuwa mradi wa mbuzi wa maziwa kwa vikundi vya akina mama. Pesa za mbuzi zilikuwa zimeshatoka katika hazina ya Mamlaka kitambo, na picha za Mama Mlezi akikumbatia mbuzi zilikuwa zimejaa kwenye kalenda. Nilipozitazama kwa makini nikaona ni mbuzi mmoja, mwenye doa jeusi chini ya jicho, akikumbatiwa mbele ya milima tofauti. Huyo mbuzi alikuwa ametembea kuliko mimi.

Vikundi vilikuwa vingi, kuanzia Kangundo hadi tambarare za Konza, na sisi tulikuwa wawili. Mkaguzi hawezi kwenda kila mahali, kwa hiyo huchagua sampuli: vikundi vichache kwa kubahatisha, bila upendeleo, na hivyo vichache husema kwa niaba ya vyote. Kikundi cha Muthetheni kikatoka cha kwanza. Hapo sasa ndipo palipo na ugonjwa wa kazi yetu. Gari letu lilikuwa limeharibika, kwa hiyo tungekwenda kwa gari la Mamlaka, na ili tupewe gari la Mamlaka ilitubidi tuwaambie Mamlaka tunakwenda wapi. Yaani tulimpa mkaguliwa taarifa, dereva na siku moja ya kujipanga. Nilinung'unika, lakini nililitia sahihi ombi la gari.

Kesho yake asubuhi tuliondoka na Kimeu, amevaa suti ya rangi ya samli. Njia nzima alikuwa na furaha. Alituambia kwamba amewapigia simu akina mama watuandalie kitu kidogo, na kwamba amewakumbusha mgeni ni Mwislamu. Nilimshukuru, nikamwambia sitakula.

Kikundi cha Muthetheni kilikuwa kikundi cha mwethya, akina mama wanaolimiana mashamba na kuchimbiana matuta kwa zamu. Mwenyekiti wao aliitwa Kavata, mjane mwenye mabega ya mtu aliyebeba maji maisha yake yote. Walitupokea kwa nyimbo, kisha Kavata akatupeleka moja kwa moja kwenye banda.

Ngoja niwaambie kuhusu banda hilo. Miaka mitatu nyuma, ofisi ya Mama Mlezi ilikipa kila kikundi sharti: hakuna banda, hakuna mbuzi. Akina mama wa Muthetheni waliuza maharagwe, wakachanga, wakajenga banda la mbao lililoinuliwa juu ya nguzo, lenye sakafu ya vipande na mahali pa kulishia. Lilikuwa zuri kuliko nyumba kadhaa tulizozipita. Wakasubiri. Kila Jumamosi walilifagia, maana waliambiwa mbuzi wanaweza kuletwa siku yoyote. Miaka mitatu wanafagia banda tupu. Kavata alinieleza haya bila kulalamika, kama mtu anayeeleza hali ya hewa.

"Lakini Mungu si Athumani, mwaitu," akaniita kwa lile jina la heshima ambalo Wakamba humwitia mama. "Jana jioni zikakuja. Na lori. Tulilia, mimi nakwambia tulilia. Leo asubuhi mjukuu wangu amekunywa chai ya maziwa, na si ya kununua."

Jana jioni. Musyoki alinitazama, nami nikamtazama. Kavata alikuwa akitabasamu, na sikutaka kuwa mimi wa kulifuta tabasamu lile.

Musyoki akahesabu mbuzi. Karatasi ya Kimeu ilisema sita. Ndani ya banda walikuwa watano. Akahesabu tena, kisha akauliza wa sita yuko wapi.

Kavata akaangaza uso kwa fahari, akaelekeza mkono nyuma ya nyumba, ambako moshi ulikuwa ukipanda. "Hiyo ni yenu. Tumeitafutia Mwislamu hapo sokoni, akaichinja vile inatakiwa, mgeni asiwe na kisingizio."

Kimeu alishika nguzo ya banda.

"Mama! Mmechinja?" alisema. "Mimi nilisema kitu kidogo! Kuku!"

"Kuku?" Kavata alishangaa kweli kweli. "Mtu ametuletea mbuzi, halafu tumchinjie kuku? Tutaambia watu nini?"

Jasho lilikuwa likimtiririka Kimeu hadi kwenye kola ya samli. Hapo ndipo mkaguzi ndani yangu alipoamka vizuri. Mtu akikupa zawadi, nawe ukaila, mtoaji atakasirika kidogo, ataona hujui kutunza. Lakini hatatokwa jasho. Jasho hutoka pale ambapo kitu kilicholiwa kina mwenyewe.

Nikatoa cheti cha uthibitisho, karatasi ya kawaida tunayoijaza kila tunapoona mali. Inasema kwamba mali iliyoonekana imekwisha kukabidhiwa waliopewa, ni yao, na hakuna mwingine mwenye haki juu yake. Kavata akatia sahihi pole pole, herufi moja moja. Nikamsogezea Kimeu. Nikamwambia kwamba mbuzi wa sita nitamwandika kama aliyechinjwa na wenyewe, na kwamba kumwandikia mkaguzi jambo la uongo ni kosa la jinai, kwa hiyo asome kwanza. Hakusoma. Alitia sahihi haraka ili tuondoke.

Lakini hatukuondoka. Kimeu alikuwa amepanga ratiba yake kwa kumjua mkaguzi asiyekula, anayeondoka kabla ya saa sita. Hakuwa amepanga kwa nyama ya mbuzi inayochemka taratibu, na akina mama wanaosema hakuna gari litakalotoka hapa kabla ya kitoweo kuiva. Kila akisimama na kusema barabara ni mbaya, anaketishwa na kupewa uji. Nilikaa kwa moyo mkunjufu. Kwa mara ya kwanza niliona faida ya kualikwa.

Alasiri ikaingia lori. Akashuka mwanamume mnene mwenye fimbo ya minadani, aitwaye Mutisya, mchuuzi wa mifugo. Alimpungia mkono Kimeu kama mtu wa nyumbani.

"Bosi, nimengoja simu yako nikachoka. Wageni si wameenda?" Akaenda hadi bandani, akachungulia, akarudi mbio. "Bosi! Nilikodisha wewe mbuzi sita. Hapa naona tano. Ingine iko wapi?"

Upepo ukaleta harufu ya mchuzi, Mutisya akageuza pua upande ule, akaelewa.

Akina mama walikuwa wakimtazama Kimeu. Wengine walikuwa wameshika sahani. Kavata aliweka chini mwiko wake, akaenda hadi kwenye mlango wa banda, akasimama hapo na kuufunga kwa mwili wake.

"Kimeu," alisema, na hakuita Bwana. "Hizi mbuzi ni za nani?"

"Mama, subiri kidogo, hii ni mambo ya ofisi..."

"Nimefagia hii banda miaka tatu. Jana umeniambia ni zetu. Nimeamsha majirani usiku nikiwaambia ni zetu. Mtoto amekunywa maziwa akaniuliza kama kesho atakunywa tena, na mimi nimemwambia ndiyo." Sauti ilimpasuka hapo, akainyoosha. "Hizi mbuzi hazitoki. Zikitoka, mtanitoa na mimi."

Niliona hasira ambayo sikuwahi kuiona nafsini mwangu kwa miaka yote ya kazi. Pesa zilizopotea huwa hazina uso. Hizi zilikuwa na uso, nao ulikuwa umesimama mlangoni. Lakini mkaguzi hana polisi wala fimbo, na Mutisya alikuwa na haki ya mbuzi wake. Nilichokuwa nacho ni kalamu ya kijani na karatasi moja.

Nikaifungua karatasi ile juu ya boneti ya lori, mahali ambapo Kimeu na Mutisya wangeiona wote wawili.

"Bwana Kimeu, hapa umethibitisha kwamba mbuzi hawa ni mali ya kikundi, na hakuna mwingine mwenye haki juu yao. Bwana Mutisya anasema ni wake. Mimi kazi yangu ni kuandika. Niandike kwamba umenidanganya kwa sahihi yako, na mbuzi wapakiwe? Ama niandike kwamba mbuzi ni wa akina mama, na wewe uzungumze na Bwana Mutisya?"

Kimeu akaenda kando kupiga simu. Alisema "ndiyo Mama" mara nyingi, kila moja fupi kuliko iliyotangulia. Aliporudi, akamuuliza Mutisya bei.

Sasa, Mutisya ni mtu wa minadani. Anajua uso wa mtu anayetaka kununua na uso wa mtu asiyeweza kutonunua. Alitaja bei ambayo ilinifanya niwaze kuacha ukaguzi nifuge mbuzi. Kimeu akalalamika. Mutisya akapiga hatua kuelekea bandani. Kimeu akakubali. Kisha Mutisya akaongeza yule wa sufuriani, kwa bei ya juu zaidi, akisema huyo ndiye aliyekuwa bora. Akaondoka na lori tupu, akiimba.

Kavata hakuondoka mlangoni hadi mlio wa lori ulipopotea. Halafu akarudi jikoni, akaosha mikono, akatupakulia. Aliniwekea ubavu mbele yangu akaniambia, "Sasa ni zetu. Kula, mwaitu, usiogope."

Nilikula. Musyoki alinikumbusha, mdomo wake umejaa, "Madam, hii si lanchi, hii ni kielelezo." Niliandika katika faili kwamba nimekula, kipande gani, na kwa nini. Mzee Nzioka angenisamehe, ingawa angeuliza kama kilikuwa na chumvi.

Kimeu alidhani kununua mbuzi kumefuta kila kitu. Nililiandika lote katika ripoti ya awali, ile ambayo mkaguliwa hupewa aisome: lori la jana jioni, kukodisha, kununua, na pesa za zamani ambazo bado hakuna aliyeeleza zilikwenda wapi. Hapo Mamlaka wakaamka. Vikundi vingine vilivyokuwa katika sampuli yetu vikapata mbuzi ghafla, kabla hatujafika. Kangundo tuliwakuta mbuzi wana siku chache tu tangu waletwe, bado wanaogopana na kuku. Nilifurahi kwa akina mama wale, na nilikasirika kwa wakati mmoja, na sijui hadi leo ipi ilizidi.

Ripoti ilipofika mbele ya kamati ya Bunge, Mama Mlezi aliketi pembeni ya mumewe na kitambaa kizuri kichwani. Mwenyekiti akasimama akasema kwa kujiamini kwamba kila kikundi kilichotembelewa na wakaguzi, bila kubakisha hata kimoja, kilikutwa na mbuzi. Wanakamati wakapiga meza. Lilikuwa jambo la kweli. Kimeu alipewa barua ya onyo, Mwenyekiti akahamishiwa shirika kubwa zaidi, na Mama Mlezi akahama naye pamoja na mapazia. Kuhusu pesa za zamani, kamati iliagiza uchunguzi, nao ungali unaendelea.

Niliumia, siwafichi. Nilirudi ofisini nikafikiri kwamba tulichokifanya ni kuwafundisha watu kuficha vizuri zaidi. Nilikuwa nimebakisha miezi michache nistaafu, na nilikaa nikiihesabu.

Asubuhi moja mlinzi wa lango alinipigia simu kwamba kuna akina mama wameketi kwenye ukoka na wamekataa kuondoka. Nikashuka. Walikuwa wametoka upande wa Konza, vumbi limewajaa viatuni. Nilidhani wamekuja kulalamika kuhusu Mamlaka, nikaanza kuwaeleza mahali pa kwenda. Mkubwa wao akanikatiza kwa upole.

"Hapana, mwaitu. Hatuko na shida na Mamlaka. Tumesikia wale wa Muthetheni wako na mbuzi, na wa Kangundo pia. Tumeuliza walifanya nini, tukaambiwa walikaguliwa. Sisi banda yetu iko tayari. Sisi msaada tumeshachoka nayo. Tumekuja kuomba ukaguzi."

Nilijaribu kumweleza kuhusu sampuli. Nilimwambia hatuchagui kwa kupenda wala kuchukia, ni bahati tu, vichache husema kwa niaba ya vyote. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza, "Na hizo mbuzi, zilikuja kwa niaba ya zote?"

Musyoki akawaletea fomu pekee tuliyokuwa nayo kwa ajili ya wananchi, ile ya malalamiko, kwa sababu fomu ya kuomba ukaguzi haijawahi kuchapishwa. Waliijaza pamoja, wakisaidiana, jina la kikundi, mahali, simu ya mwenyekiti. Walipofika kwenye nafasi kubwa iliyoandikwa "Eleza kosa ulilotendewa", walishauriana kwa Kikamba kitambo kirefu, kisha wakaandika neno moja: "Hatujakaguliwa."